Mpwa wangu aliumwa na chatu Newala, wakasema "hana sumu, akalale". Tuongee kabla korosho hazijaanza kudondoka

Mjomba wa Kitangari (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu.

Natoka Newala, nalima mikorosho kama wengi wenu humu. Salfa tumeshamaliza kupuliza, sasa tunapalilia na kufagia chini ya miti ili korosho zikianza kudondoka zionekane. Kuanzia hapa mpaka mwisho wa msimu, mikono ya wake zetu na watoto wetu itakuwa ndani ya majani makavu kutwa nzima. Nimeona nilete jambo hili mapema.

Mwaka juzi, mwezi wa tisa, saa nne usiku, kuku walipiga kelele bandani kwa dada yangu. Mwanawe wa miaka 16 akatoka na tochi ya simu, akaingiza mkono wa kulia gizani kumtoa tetea aliyekuwa anatapatapa. Kumbe tetea yuko mdomoni mwa chatu. Chatu akamwachia kuku, akashika kiganja cha mtoto. Mtoto kwa hofu akauvuta mkono kwa nguvu zake zote, ukatoka, na ngozi ikabaki inaning'inia.

Majirani wakaja. Mzee mmoja akamulika, akamtazama nyoka vizuri, akasema: "Huyu chatu, hana sumu. Mtoto akalale."

Wakuu, mzee yule alisema kweli tupu. Chatu hana sumu. Na kwa sababu ya kweli ile mpwa wangu nusura apoteze mkono.

Hata hivyo watu hawakutaka kukaa bure. Mmoja akamfunga juu ya kifundo kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, "kwa tahadhari". Mwingine akachukua wembe akamchanja chale kuzunguka kidonda, akapaka dawa ya unga. Mpira ulikaa karibu saa nzima mpaka mama yake alipoona vidole vimebadilika rangi, akaukata kwa kisu. Halafu kweli akalala.

Mimi nilikuwa Masasi. Kwetu Wamakonde mtoto wa dada ni mtoto wako, jambo lake likiharibika unaulizwa wewe mjomba. Nilipigiwa simu siku ya tatu: mkono umevimba hadi kiwiko, homa kali, kidonda kinatoa usaha wenye harufu. Tulimfikisha hospitali jioni ile. Daktari alimpasua, akasafisha, akatoa vipande vitatu vya meno ya chatu vilivyovunjikia ndani ya nyama. Siku kumi na saba wodini. Leo kidole chake cha kati hakikunji. Jembe analishika, lakini halishiki kama zamani.

Tangu siku ile nimeuliza kila daktari na kila bwana wanyamapori niliyekutana naye. Nitaeleza niliyoyaelewa, wataalamu watanisahihisha.

Kwanza meno. Chatu ana safu nne za meno juu na mbili chini, na yote yamepinda kuelekea kooni. Yameumbwa hivyo ili windo likijivuta lizidi kunasa. Kwa hiyo unapovuta mkono, wewe ndiye unayejichana. Akikushika mahali ambapo huwezi kuzuia, sukuma mkono kidogo kuelekea ndani ya mdomo ili meno yanasuke, mwenzako afungue taya. Akiwa amejiviringisha, mfungueni kuanzia mkiani, kichwa kiwe cha mwisho. Najua kwenye giza na kelele ni rahisi kusema kuliko kutenda. Lakini mtu aliyewahi kusikia mara moja ana nafasi kuliko asiyewahi kusikia kabisa.

Na meno yale ni membamba, yanakatika. Kidonda kinafunga juu, ndani kumebaki jino. Ndicho kilichomkuta mpwa wangu.

Pili uchafu. Nyoka humeza panya mzima, na panya akiwa anamezwa hujisaidia. Mdomo wa nyoka una vijidudu vinavyotoka kwenye matumbo ya windo lake. Jino likiingia nyamani limeingia navyo. Ukiongeza wembe ambao haujachemshwa na dawa ya unga iliyokaa kwenye kibuyu, umefungua milango mingine kumi.

Tatu pepopunda. Hapa nitawaachia manesi wa humu, maana mimi nilishtuka niliposikia.

Kwa kidonda ambacho una hakika ni cha nyoka asiye na sumu, kazi ya nyumbani ni moja tu: maji mengi safi yanayotiririka na sabuni, osha muda mrefu, funika kwa kitambaa safi, damu ikizidi kandamiza. Kisha zahanati siku hiyohiyo. Vua pete na bangili mapema kabla hapajavimba.

Hayo ni kama una hakika. Na kwenye neno "hakika" ndipo ninapotaka tujadiliane.

---

Mwana Mikindani

Pole sana mjomba, na mpwa pole. Kuhusu hakika, mimi huwa natumia kanuni niliyosoma mtandaoni: nyoka mwenye mboni ya mstari kama paka ana sumu, mwenye mboni ya duara hana. Na kichwa cha pembetatu ni sumu. Imenisaidia.

---

Mjomba wa Kitangari

Mwana Mikindani, ndugu yangu, nakuomba kanuni hiyo uifute kichwani leo. Hiyo ni ya Marekani, kule nyoka wengi wa sumu ni jamii ya vifutu. Huku kwetu inakuua. Koboko ana mboni ya duara. Swila ana mboni ya duara. Nyoka aitwaye mamba wa kijani, anayekaa kwenye miembe na mikorosho yetu, mboni ya duara. Na chatu, asiye na sumu, ana mboni ya mstari. Yule nyoka wa nyumba wa kahawia anayeingia ghalani kufuata panya, naye mboni ya mstari, na hana sumu kabisa.

Kichwa vilevile. Koboko kichwa chake kirefu na chembamba. Halafu kuna nyoka mla mayai, hana hata meno ya kukuumiza, lakini akitishwa anatanua kichwa kiwe cha pembetatu na kusugua magamba yatoe sauti kama kifutu. Watu wanamuua bure, na mwenye kichwa chembamba wanamshika mkono.

Ile ya kuhesabu alama za meno nayo si ya kuaminika. Mwenye sumu anaweza kuacha alama moja, tatu, au mkwaruzo tu.

---

Kijana wa Liwale

Babu yangu alikuwa anamsimulia yule Mwingereza Ionides aliyekaa kwetu Liwale enzi za mkoloni, watu walimwita Bwana Nyoka. Alikuwa askari wa wanyamapori, baadaye akawa anakamata nyoka tu, na mamba wa kijani aliwakamata kwa wingi huko kwenu Newala akitumia mti mrefu wenye kishikio. Babu anasema kila akija mtu na habari ya "nyoka mdogo tu wa kijani", Ionides alitaka kumwona kwanza mwenyewe. Hakukubali neno la mtu.

---

Mjomba wa Kitangari

Kijana wa Liwale, asante kwa kumleta. Huku kwetu wazee waliomwona bado wanamtaja.

Nami niongeze habari ya mtu mwingine aliyejua nyoka maisha yake yote. Karl Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa Chicago. Tarehe 25 Septemba 1957 aliletewa nyoka mdogo kutoka Afrika amtambue. Alikuwa yule nyoka wa mitini mwenye macho makubwa na meno ya sumu nyuma ya taya, ambaye dume lake mara nyingi ni kijani na jike kahawia. Yupo hata huku. Akamgonga kwenye dole gumba. Schmidt akaona nyoka ni mdogo, jino lililoingia ni moja, akaamua halina uzito. Akaenda nyumbani, akaandika anavyojisikia hatua kwa hatua. Fizi zikaanza kutoka damu. Kesho yake akafa.

Zamani wengi waliamini nyoka wenye meno ya nyuma hawana madhara kwa mtu. Mjerumani Robert Mertens, naye bingwa wa nyoka, alikufa mwaka 1975 kwa nyoka wa jamii ya wale wanaofanana na kijiti kikavu, aliyekuwa akimfuga nyumbani kwake. Hao wa kijiti nao wapo kwenye vichaka vyetu, na mpaka leo sindano ya kuzuia sumu yao haipo.

Ukiwa umegongwa na mmojawapo, saa ya kwanza huoni kitu. Hakuna uvimbe wa maana, hakuna maumivu makali. Kijiji kizima kinasema hana sumu. Damu inaanza kuharibika taratibu, na dalili zinakuja baada ya saa nyingi, pengine kesho yake: fizi, mkojo mwekundu, kidonda cha zamani kinafunguka kutoa damu.

Na yule mdogo mweusi mwembamba anayetoka ardhini mvua zikianza, watoto wanamdhania nyoka kipofu. Huyo meno yake yanatokea pembeni ya mdomo hata akiwa ameufunga. Hakuna namna ya kumshika nyuma ya kichwa ukabaki salama. Kidole kinavimba na nyama inaweza kuoza. Naye pia hana sindano yake.

Sasa niambieni, kati yetu nani ana jicho la kusema "hana sumu" saa mbili usiku kwa tochi ya simu?

---

Sista wa Lukuledi

Shikamoo mjomba. Mimi ni muuguzi, zahanati ya kijijini mkoa wa Lindi, mwaka wa kumi na moja huu. Naongezea pale uliponiachia.

Pepopunda haitoki kwenye sumu ya nyoka. Mbegu zake zipo kwenye udongo na mbolea, zinaingia kupitia tundu lolote jembamba lenye kina, na jino la nyoka linatoboa tundu la namna hiyo hasa. Dalili huja kati ya siku 3 na 21, wakati mgonjwa ameshasahau kidonda. Taya linakaza, shingo inakaza, mgongo unajipinda.

Ninachokiona kazini ni hiki. Akina mama wengi wamechoma chanjo ya pepopunda walipokuwa wajawazito, kadi zao zinaonyesha. Wanaume wamechanjwa wakiwa wachanga na hawakurudi tena. Ndio haohao wanaofyeka, wanaochoma mkaa, wanaoingiza mkono kwenye mashimo ya panya. Mwanaume akija na kidonda cha nyoka nikamuuliza chanjo ya mwisho lini, ananyamaza.

Pili, nyoka akiwa hajulikani, tunamhesabu mgonjwa kuwa ameingiwa na sumu mpaka ithibitike vinginevyo. Mtulizeni, asitembee, mguu au mkono usitikisike, mbebeni. Msikifungue wala kukichezea kidonda, msifunge kamba. Kituoni tunamwangalia saa 24. Kuna kipimo kimoja ambacho hata zahanati isiyo na maabara kubwa inakiweza: damu kidogo ya mshipani kwenye chupa ya kioo safi na kavu, iache dakika 20 bila kuitikisa, kisha inamisha. Ikiwa imeganda, sawa, tunarudia baadaye. Ikimwagika kama maji, damu imeharibika na mgonjwa anapewa rufaa papo hapo. Chupa ya plastiki haifai, inadanganya.

Tatu, ndugu msitulazimishe kuchoma sindano ya kuzuia sumu ya nyoka kwa mtu asiye na dalili. Inatengenezwa kutokana na damu ya farasi au kondoo, na mwili wa mtu unaweza kuikataa vibaya: anabanwa kifua, presha inashuka, anaweza kufa mbele yetu. Kumpa mtu aliyeumwa na chatu ni kumweka kwenye hatari bila faida, na dozi yenyewe ni adimu, kuna mtu wa kifutu anaihitaji.

Na antibayotiki msinunue vidonge vinne dukani mkagawana. Si kila alama ya jino inahitaji dawa. Kidonda kilichochanwa, kilichochanjwa, au cha mtu mwenye kisukari, hicho tuleteeni tuone.

---

Mzee wa Rondo

Wanangu, nimewasoma wote. Mimi nina miaka sabini na moja. Marehemu baba aliniachia jiwe la nyoka, na nimelitumia tangu ujana. Ninaliweka kwenye kidonda linanata, likishiba linaanguka. Niliowawekea, wengi mno wamepona, wanaishi, wananiletea kuku. Mnataka niseme nilikuwa nawadanganya?

---

Mjomba wa Kitangari

Shikamoo mzee wangu. Hapana, hukuwadanganya, na walipona kweli. Naomba nikueleze nilivyoelewa mimi, ukiona nimekosa unirudi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani, na wanaoingiwa na sumu ni kati ya milioni 1.8 na 2.7. Yaani nusu au zaidi hawaingiwi na sumu kabisa. Wengine wameumwa na nyoka asiye nayo, wengine na kifutu au swila aliyeuma bila kuimwaga. Hao, uwaweke jiwe, uwaweke jani la mpapai, uwaache walale, hawatakufa kwa sumu.

Kwa hiyo katika kumi waliokuja kwako, watano au zaidi walikuwa hawana sumu mwilini tangu walipovuka mlango. Jiwe likapata sifa. Jiwe lenyewe, mzee wangu, ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Una vitundu vidogo, ndiyo maana unanyonya unyevu wa damu na kunata, na ukishalowa unaanguka. Sumu imeshasafiri.

Anayeumia ni yule mmoja aliyegongwa na koboko. Amekuja kwako kwa sababu amesikia tisa walipona, na zile saa mbili alizokaa na jiwe ndizo zilizokuwa saa zake za kufika hospitali ya Nyangao au Ndanda.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata mkono wa mpwa wangu. Nyoka wasio na sumu ndio wanaotufundisha vibaya. Kila mtu anayepona chatu au nyoka wa nyumba anakuwa shahidi wa mpira wa baiskeli, wa chale, wa mafuta ya taa, wa jiwe. Ushahidi ule unakuja kumfunga mwingine.

---

Mzee wa Rondo

Marahaba mwanangu. Umenijibu kwa adabu, nami nitajibu kweli. Kuchanja niliacha miaka ya nyuma baada ya kijana mmoja kuoza mguu, sikuwahi kumwambia mtu sababu. Jiwe silitupi, ni la baba. Lakini mtu akija, nitamwita mwenye bodaboda kwanza.

---

Mama Asha Mtama

Mzee Mungu akubariki kwa neno hilo. Swali langu dogo: tunalala chini kwenye mkeka, je ukishtuka usiku umeumwa na hukuona kitu?

---

Sista wa Lukuledi

Mama Asha, hapo usihangaike kumtafuta nyoka. Njoo kituoni moja kwa moja. Swila huingia ndani usiku na kuuma waliolala, kwa hiyo "sikuona" hatuichukulii kuwa "hana sumu". Na chandarua, kichomekeni vizuri chini ya mkeka au godoro pande zote. Tunakigawa kwa ajili ya malaria lakini na nyoka kinamzuia.

Ukiweza kumpiga picha kwa mbali, piga. Usimfukuze, usimuue ili utuletee. Kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma bado.

---

Kijana wa Liwale

Na chatu wasiuawe, wanalindwa na sheria. Ofisi ya wanyamapori ya wilaya au TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) wakipigiwa wanakuja kumchukua. Huku kwetu wamewahi kuja.

---

Dereva wa Nanyamba

Wakuu, nilikuwa nasoma kimyakimya. Leo siku ya sita tangu nyoka wa kahawia aning'ate kidole ghalani, nilikuwa nahamisha magunia matupu. Nilimwona vizuri, ni hao wa nyumba, mjomba amewaeleza hapo juu. Damu ilitoka kidogo, nikafuta, nikaendelea na kazi. Kidonda kimefunga, hakiumi. Chanjo ya pepopunda labda nilichomwa nikiwa mtoto, mama alishafariki, sina wa kumuuliza. Je, siku sita si nimechelewa?

---

Sista wa Lukuledi

Kaka, hujachelewa, ila usiongeze siku ya saba. Nenda leo zahanati iliyo karibu, waambie umeng'atwa na nyoka siku sita zilizopita na hujui chanjo yako. Watakuchoma dozi ya kwanza, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6. Wakione na kidole. Ukiona taya zito kufunguka wakati wa kula, usisubiri asubuhi, nenda hospitali kubwa.

---

Mjomba wa Kitangari

Dereva, gari liache. Nenda, kisha utuandikie hapa.

---

Dereva wa Nanyamba

Nimetoka sasa hivi. Nimechomwa begani, panauma kidogo tu. Nesi alikibonyeza kidole akasikia kitu kigumu, akakifungua, akatoa kijino chembamba kama mwiba wa samaki. Mimi nilikuwa nadhani ni sugu. Kadi nimeipiga picha nimemtumia mke wangu, anaandika tarehe ya dozi ya pili ukutani karibu na mlango.

---

Mjomba wa Kitangari

Nimemsomea mpwa wangu hapa. Anauliza kijino kilikuwa na urefu gani.

---

Dereva wa Nanyamba

Mwambie hakifiki hata punje ya mchele. Nimekifunga kwenye karatasi, nitawaonyesha wapakiaji wenzangu kesho ghalani.